Mionzi ya Kidole Gumba

Kama umefika hapa kwa sababu huwezi tena kukamua nepi, karibu, kaa. Kama unafungua chupa ya maji kwa meno na watoto wako wanakucheka, kaa karibu zaidi. Mimi naitwa Getruda. Hapa Mabatini, Mwanza, wananiita Mama Kabula, kazi yangu ni kusuka nywele, na ugonjwa uliotaka kunimaliza ulikuwa kwenye kidole gumba. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Wenzio wanaumwa moyo, wanaumwa figo, wewe unaumwa gumba na unalia mpaka majirani wanakuja kugonga mlango. Lakini gumba hilo lilinikosesha mtoto wangu wa kunyonya kwa msimu mzima, na kilichomwondoa mikononi mwangu hakikuwa maumivu peke yake. Lilikuwa ni neno moja, lililosemwa na mume wangu kwenye simu, likasikika vingine ng'ambo ya ziwa. Nitaeleza vyote viwili, ugonjwa na neno, kwa sababu vyote viwili vinaweza kukupata.

Lukas alizaliwa masika yakiishia. Ni mtoto wangu wa pili. Wa kwanza ni Kabula, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimesuka mpaka tumbo linagusa kiti cha mteja, na arobaini ilipotimia nikarudi saluni na mtoto mgongoni, maana mteja wa nywele hana subira, akikukosa mara mbili anahamia mlango wa jirani. Maumivu yalianza kama mwiba ubavuni mwa kifundo cha mkono wa kulia, pale gumba linapoota. Nikasema ni uchovu. Veronika, rafiki yangu tunayegawana naye kioo pale saluni, akanichua kwa mafuta ya moto. Alinichua kwa upendo wote alio nao, na kulipokucha mkono ulikuwa umevimba hadi siwezi kuvaa bangili. Kwa hiyo la kwanza ninalokuambia ni hili: usikubali kuchuliwa. Mji huu kila mtu ni mchuaji, ilimradi mkono si wake.

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Unakunyang'anya vitu vidogo kimoja kimoja, na kila kimoja unaona aibu kukitaja. Nilianza kushindwa ufunguo kwenye kitasa. Nikashindwa vifungo vya sare ya Kabula, nikashindwa kusonga ugali, nikashindwa kumenya ndizi. Chooni nilijifunza upya kwa mkono wa kushoto, na ninalisema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Nywele zangu mwenyewe sikuweza kuzichana tena, na kumwomba Veronika kila asubuhi nikaona ni kumsumbua, basi nikamwambia Masanja, mume wangu, aninyoe zote kwa wembe. Msusi mwenye kipara. Wateja walinitania kwamba nimekula nywele za watu sasa zangu zinalipa deni. Nilicheka nao, halafu nikaenda nyuma ya saluni kulia.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kumwinua mtoto. Hebu chukua mto sasa hivi uujaribu: mtoto mchanga unamshika makwapani, magumba mbele, vidole nyuma, unainua. Uzito wote unabebwa na gumba. Kila nilipomwinua Lukas, kitu kama waya wa moto kilipita kutoka kwenye gumba hadi kwenye kiwiko, na mtoto ananyonya mara nyingi, na kila mara lazima ainuliwe. Nikaanza kumwogopa mwanangu. Akilia nilikuwa nabana meno kabla sijamfikia.

Siku ya beseni ndiyo iliyotupeleka hospitali. Nilikuwa namwogesha, nimemlaza kwenye kiganja cha kulia kama nilivyomfanyia dada yake, na mkono ukaachia. Haukuniuliza. Ulifunguka tu, na Lukas akazama usoni na masikioni. Kabula ndiye aliyepiga kelele akamvuta. Mtoto alikohoa, akalia, akawa mzima, lakini mimi nilikaa sakafuni kwenye maji ya sabuni na sikuweza hata kumpokea. Masanja aliporudi jioni Kabula alimsimulia mbele yangu. Hakunigombeza. Alilitoa beseni nje, kisha akasema kesho tunatafuta mtu wa kuangalia huo mkono, na mtoto usimwogeshe tena.

Zahanati walitupa vidonge, vidonge vikaisha, mkono ukawa vilevile, nao wakatuelekeza kwenye kliniki moja ya mazoezi ya viungo, ghorofani, maeneo ya Mirongo. Huko nikakutana na bwana mmoja mwembamba anayeitwa Deusi, mtaalamu wa viungo. Aliniambia nikunje gumba ndani ya ngumi, kisha nipindishe ngumi kuelekea kidole kidogo. Nilipiga ukelele, na benchi zima la wagonjwa nje likanyamaza.

"Pole, mama," akasema. "Hii ni mishipa inayovuta gumba. Imevimba, sasa inakwaruzana kwenye njia yake. Tutaufunga mkono upumzike, na utakuwa unakuja kwenye mashine ya sumaku."

"Itaniuma?"

"Hutasikia kitu chochote."

"Sasa nisiposikia kitu nitajuaje kama inafanya kazi?"

Akacheka. "Swali zuri. Utajua ukipona."

Mashine yenyewe ilikuwa kama ndoo iliyokatwa kitako, imelazwa mezani, na waya zinakwenda kwenye sanduku lenye taa. Unavua saa, unaacha simu mbali, unaingiza mkono kwenye tundu, unakaa. Inanguruma kidogo kama friji ya dukani. Basi. Hakuna joto, hakuna mtekenyo. Kwenye mlango wa chumba hicho palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba humo kuna tiba ya joto, mionzi na mazoezi. Mionzi walimaanisha ile taa nyekundu ya kupasha mgongo wenye maumivu, mimi sikuwahi hata kuwashiwa. Lakini Masanja, aliyenisindikiza siku ya kwanza, alisoma karatasi ile.

Masanja ni fundi wa injini za mitumbwi kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Simu zake zote anapiga injini zinaunguruma, kwa hiyo anapiga kelele na anafupisha. Mchana ule mama yake alimpigia kutoka Sengerema kumuuliza habari za nyumbani, naye akamjibu kwa sauti ya kushinda injini: "Tunaendelea, mama, ila Getruda yupo kwenye mionzi! Mkono umemshinda, mtoto nusura afe!"

Wewe uliyezaliwa Kanda ya Ziwa umeshaelewa. Asiye wa huku nimweleze. Huku kwetu mtu hasemwi ana saratani. Jina hilo halitamkwi mbele ya mgonjwa wala mbele ya nduguze. Watu wanasema "ugonjwa ule", au wanasema tu, "yupo Mwanza, kwenye mionzi," na anayeambiwa anainamisha kichwa. Wanatoka Geita, wanatoka Bukoba, wanatoka kwetu Majita, wanakuja Mwanza kwa mionzi, na wengi wetu tumewahi kumsindikiza mmoja. Kwa hiyo neno lile lilivuka maji limebeba jeneza langu. Na mimi mwenyewe sikujua.

Mama mkwe alikuja na feri ya Kamanga baada ya siku chache, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku wawili. Sisi sote tunamwita Mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na r mara nyingi humtoka kama l. Tangu niolewe, mwanamke huyu hakuwahi kula mboga yangu bila kuisema chumvi. Siku hiyo alikula wali ulioungua, uliopikwa na mtoto wa darasa la tatu, akasema ni mtamu. Halafu akanivua kilemba taratibu, akaona kipara, akakishika kwa viganja viwili.

"Umepungua, mama," akasema.

"Nimenyoa tu, Mayu. Mkono hauwezi kuchana."

"Ndiyo, mama. Umenyoa." Machozi yakamtoka.

Nilishtuka kwa upole ule kuliko ambavyo ningeshtuka kwa matusi. Nilidhani anahuzunika kwa ajili ya beseni, kwamba ameona mwanawe ameoa mwanamke asiyeweza kushika mtoto. Jioni alimpakata Lukas, ambaye kapewa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo Mayu humwita "mume wangu". Akasema bila kuniangalia, "Mume wangu nitaondoka naye. Na asinyonye tena."

"Asinyonye kwa nini, Mayu?"

"Ili wewe upate nafasi ya kutibiwa."

Nilimgeukia Masanja anitetee. Akasema ni wiki chache tu, mpaka mkono upate nguvu, na huko kuna ng'ombe wa maziwa. Nilitaka kukataa. Lakini nilikumbuka kichwa cha mwanangu kikizama, na mkono ule ule ulikuwa mapajani mwangu, umefungwa, hauna faida. Nilikubali. Kwenye gati la feri nilitaka kumbeba angalau pale mwisho nikashindwa, nikainama nikamnusa shingo akiwa kwa bibi yake. Alikuwa hajaota jino hata moja.

Sasa nikuambie juu ya maziwa, kwa sababu wanaotoa ushauri wa mikono hawayasemi. Maziwa hayajui kwamba mtoto amevuka ziwa. Yalijaa, matiti yakawa magumu kama mawe, homa ikanipanda. Kuyakamua kunahitaji gumba. Nilijaribu kwa kushoto, yakatoka matone. Veronika alikuja, akafunga mlango, akasema, "Toa hapa, aibu tutaionea siku nyingine," akanikamua kwenye bakuli huku nimeuma kanga. Alikuja asubuhi na jioni mpaka yakakauka. Siku yalipokauka niliumia kuliko siku yalipojaa.

Kiangazi chote kikaenda hivyo, kwenye benchi la Mirongo. Televisheni ukutani haikuwa na sauti. Pembeni yangu alikaa mara nyingi mzee mmoja aliyepata kiharusi, anakandamiza mpira wa sponji kwa vidole visivyomtii. Aliniambia siku moja, "Mwanangu, mimi nauomba wangu uamke, wewe unauomba wako ulale." Mke wake alikuwa akinifungulia chupa ya maji bila kuombwa, akiifunga nusu tu ili niweze kuifungua tena mwenyewe. Simjui jina mpaka leo. Kama anasoma hapa, namwambia maji yale niliyanywa kama dawa.

Naingiza mkono, mashine inanguruma, nautoa, unauma vilevile. Awamu ya kwanza ikaisha. Deusi akapima, akatikisa kichwa, akasema tuongeze awamu nyingine na nisiwe na haraka. Kutokuwa na haraka! Yeye wanawe walikuwa kwake. Nilifika mahali nikiwa peke yangu nauangalia mkono ule nikatamani ungekatwa, watu waone kitu. Ugonjwa usioonekana unakufanya muongo hata kama umenyamaza. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo padri asingeyapenda.

Kila jioni nilipiga simu Sengerema. Mwanzoni Mayu alikuwa akimwekea Lukas simu sikioni, nasikia anavyopumua, naimba kidogo. Baadaye ikawa nikipiga mtoto amelala. Nikipiga mapema, amelala. Nikipiga asubuhi, amelala. "Mayu, mtoto gani analala namna hiyo?" Ananijibu, "Wewe jitunze, mama." Nikamwambia Masanja mama yako ananinyima mtoto wangu. Akasema mama yake ananihurumia tu, na kwamba kila wakiongea anamwambia, "Usimsemeshe sana mkeo, mwanangu, Mungu yupo." Masanja alielewa kwamba anaambiwa asinigombeze. Akawa hanisemeshi. Tulikaa ndani ya chumba kimoja watu wawili tumenyamaziana, kila mmoja akidhani mwenzake amechoka naye.

Halafu wakaja kwaya. Jumuiya yetu ina ndugu wa Sengerema, kumbe habari zilikuwa zimerudi kwa mlango wa nyuma. Walijaa sebuleni, wakaimba nyimbo zile za taratibu ambazo huwa tunaimba kwa mtu ambaye hatainuka. Mwenyekiti, mama mzima ambaye namsuka yeye na binti zake, akanishika bega la upande mzima: "Dada Getruda, kama kuna mtu una neno naye, huu ni wakati mzuri wa kulimaliza." Nikafikiri weee, nikakumbuka mteja niliyegombana naye juu ya rasta, nikasema nitamtafuta. Wakalia wote. Mimi nikaona watu hawa wana imani kubwa, kulia hivi kwa ajili ya gumba.

Mvua za kwanza za vuli ndizo zilizoniletea dalili. Asubuhi moja niliingiza ufunguo kwenye kitasa, nikauzungusha, mlango ukafunguka, na nilikuwa nimeshaingia ndani ndipo nilipogundua ni mkono gani. Nilirudi nje nikafunga tena, nikafungua tena. Deusi alipokunja ngumi yangu wiki ile niliumia lakini sikupiga kelele. Unayesoma utaniuliza kama ni sumaku. Sijui. Nilikaa kwenye mashine, nilifungwa gango, sikusuka, sikukamua nguo, sikumbeba mtoto msimu mzima. Labda ni vyote, labda ni kupumzika tu. Deusi mwenyewe nilipomuuliza alisema mashine inasaidia baadhi ya watu, wengine haiwafanyii lolote, na mkono usiopumzishwa hautibiki kwa mashine yoyote. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Anayekuuzia sumaku kwa kukuapia, muage.

Alipofungua gango akanipa mazoezi ya kufanya nyumbani, sikungoja jioni. Kabula nilimwacha kwa Veronika, Masanja nikamwandikia ujumbe, nikapanda feri.

Nilifika mvua ikinyesha. Mayu alikuwa barazani anabambua karanga na wifi zangu, Lukas ameketi mkekani. Ameketi! Alipoondoka alikuwa wa kulala. Meno mawili chini. Nilipiga magoti pale pale kwenye tope.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Na mvua hii? Nani kakuruhusu utoke?"

"Nimekuja kumchukua Lukas."

Wifi zangu waliacha karanga. Mmoja akaingia ndani akijifuta macho. Nikanyoosha mikono kwa mwanangu, naye akanitazama kama anavyotazamwa mgeni mwenye kofia, uso ukakunjamana, akapiga yowe akatambaa kwa bibi yake na kuficha kichwa kwenye kanga yake. Nilimfuata. Mayu akanizuia kwa mkono, taratibu kabisa.

"Usimshike sana, mama. Ameanza kusahau. Ukimzoesha tena, siku ukitutoka ataumia mala mbili."

"Nikiwatoka kwenda wapi?"

Mayu akamfunika Lukas kwa upindo wa kanga. Mvua tu kwenye bati.

"Mayu, nikiwatoka kwenda wapi?"

"Wewe si upo kwenye mionzi, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama anaomba radhi.

Sijawahi kupigwa na umeme, lakini nadhani ndivyo ulivyo. Wali ulioungua, kipara changu kwenye viganja vyake, simu zinazolala, kwaya, "neno la kumaliza", yote yalipanga foleni mbele yangu kwa pamoja. Mwanangu hakunisahau kwa bahati mbaya. Alikuwa anasahaulishwa, kila siku, na mtu anayempenda, ili nisimuumize nikifa. Nilitaka kumpiga mwanamke yule na nilitaka kumkumbatia. Nilipiga kelele.

"Mayu, mimi naumwa kidole gumba!"

"Ndiyo, mama."

"Gumba! Hili! Ni mishipa imevimba!"

"Ndiyo, mama. Hata baba yake Masanja aliumwa vidonda vya tumbo."

Hapo nikaelewa nimekwama wapi. Mzee Lukas alikufa kwa ugonjwa ule. Mkewe, aliyemuuguza, aliambiwa ni vidonda vya tumbo hadi siku ya kumzika. Madaktari walijua, Masanja na dada zake walijua, wakamficha kwa huruma. Tangu siku hiyo kila anayemwambia mgonjwa hana kitu anamthibitishia kwamba anacho. Nilimpigia Deusi nikaweka sauti juu. Akasema, "Mama, huyu hana saratani, nakuhakikishia, ni mishipa ya gumba." Mayu akainama kwenye simu: "Asante, dakitali. Mungu akubaliki kwa kazi ngumu." Akanirudishia. "Na wa mzee alikuwa anaongea hivyo hivyo, kwa upole."

Masanja alifika kesho yake, mwili mzima unanuka oili. Akamwambia mama yake kwamba aliposema mionzi alimaanisha mashine tu, alisoma mlangoni. Alitia huruma, mwanaume mzima anajieleza kama mtoto aliyevunja sahani. Mayu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wa baba yako ulinificha," akamwambia. "Wa mkeo nitakuaminije?"

Masanja akaanza kujisugua oili vidoleni. Ningeweza kumnyakua mtoto nikaondoka. Lakini mkono haukuwa wa kumnyakua mtu yeyote anayepiga mateke, na ningekuwa nimemteka mtoto anayelilia kwao. Nikakaa kwenye mkeka.

"Basi nitakaa hapa, Mayu," nikamwambia. "Nitakaa mpaka uchoke kunisubiri nife."

Nilikaa vuli yote. Masanja alirudi kwa Kabula na injini zake, mimi nikabaki kwenye nyumba ambayo kila mtu ananipisha. Wifi zangu hawakuniachia nibebe hata sufuria. Asubuhi nikifumbua macho namkuta Mayu amesimama mlangoni ananiangalia kama napumua. Lukas alikuwa akinikaribia hatua za kutambaa, akifika karibu na goti anageuka. Usiku alilala kwa bibi yake. Nilikuwa nasikia wanavyoongea kwa Kisukuma kupitia ukutani, mwanangu anajifunza sauti za nyumba isiyo na mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote, mbaya kuliko mashine, mbaya kuliko beseni. Nilikuwa nimepona na sikuwa na mtu wa kumpelekea uponyaji wangu.

Nilifanya mazoezi ya Deusi mbele ya watu wote, makusudi. Kukamua kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kushika mchi mwepesi na kuushusha polepole. Kama unaanza mazoezi hayo, ukiumia acha, kesho rudi. Usishindane na mkono wako, hauna haya. Nilikula kila nilichopewa nikaomba nyongeza. Nikapalilia mpunga kwa mkono wa kushoto. Sikunyoa tena, nywele zikaanza kuota. Asubuhi moja Mayu alisogea, akapitisha kiganja kichwani kwangu kinyume cha nywele, akaenda zake kwa ng'ombe. Sikusema kitu. Nilijifunza kule kwamba kuna mambo ukiyasema yanakuwa uongo.

Asubuhi niliyokuja kuiandikia yote haya ilikuwa ya kawaida tu. Mvua, moshi umejaa jikoni kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mayu anakoroga uji, Lukas amemng'ang'ania kanga analia, mimi nimekaa pembeni kwenye kigoda nikikamua kitambaa changu. Uji ukapanda, ukafurika, ukazima moto. Mayu akageuka.

"We Getruda!" Hakuwa ameniita kwa jina wala kunigombeza tangu asikie neno mionzi. "Umekaa tu kama mgeni wa halusi! Uji unamwagika, mtoto analia, mimi nina mikono mingapi? Kila siku mkono, mkono, na kula unakula kama mwanajeshi! Mchukue mtoto wako huyu, mzito, mgongo unaniuma!"

Akamtoa kwenye kanga akanisukumia.

Nilimshika makwapani, magumba mbele, vidole nyuma. Nikainua. Waya wa moto ulipita, lakini mwembamba, na mkono haukuachia. Lukas alinilalia begani kwa kulazimishwa, akajipinda, akalia akimnyooshea bibi yake mikono. Mayu alimwona. Akatupa mgongo, akapiga magoti mbele ya mafiga, akaanza kupuliza moto.